Mwizi wa Kuku ni Nani?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya wageni tusiowaalika, ambao hawabishi hodi wala hawaagi wanapoondoka. Wageni hao ni wanyama wa mwitu wanaofika karibu na nyumba zetu wakati wa usiku. Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili ni dogo. Basi nitawaeleza kisa kimoja, kisha mtaamua wenyewe.

Nilipokuwa kijana, kuku walianza kutoweka kijijini kwetu. Mwenye banda aliamka alfajiri akakuta manyoya yametapakaa na kuku wamepungua. Usiku mmoja mtu alipiga kelele, "Chui! Chui!" Tukatoka na marungu na mienge, nami nilikuwa mmoja wao. Kando ya shamba la mahindi tulimwona mnyama wa rangi ya manjano mwenye madoa meusi. Tukamzingira, tukampiga hata akafa, tukarudi tukijisifu kwamba tumemwua mtoto wa chui. Kulipopambazuka, mzee mmoja aliyekuwa mwindaji zamani alikuja kumtazama. Akaushika mkia, akayageuza masikio, akaipima miguu kwa shubiri yake, kisha akasema, "Wanangu, huyu si chui, wala si mtoto wa chui. Huyu ni mondo. Mmemwua mlinzi wa ghala zenu." Akampasua tumbo mbele yetu. Mlikuwamo mabaki ya panya, wala hamkuwamo hata unyoya mmoja wa kuku. Usiku wa tatu baadaye, kuku wakatoweka tena.

Nitaurudia mwisho wa kisa hiki. Kwanza nataka mwone alivyofanya mzee yule. Sisi tuliona madoa tu, tukatoa hukumu. Yeye aliuliza maswali manne: Mkia ni mrefu au mfupi? Masikio yakoje? Miguu ni mirefu au mifupi? Nyayo zina alama za kucha au hazina? Mtu akiyashika maswali hayo manne, hatakosea mara nyingi.

Na tuanze na huyo mondo. Mwili wake ni mwembamba, miguu yake ni mirefu mno, na mkia wake ni mfupi, kadiri ya theluthi moja tu ya urefu wa kichwa na mwili. Masikio yake ni makubwa, yamesimama karibu karibu juu ya kichwa, na nyuma ya kila sikio pana rangi nyeusi yenye baka jeupe. Hupenda majani marefu yaliyo karibu na maji. Husimama kimya akisikiliza panya anavyotembea chini ya majani, kisha huruka juu na kumwangukia kwa miguu ya mbele. Ni mwindaji hodari sana, na chakula chake kikubwa ni panya. Sisemi kwamba hagusi kuku kamwe. Banda likiwa wazi, naye ataingia. Lakini kazi yake ya kila siku humfaa mkulima.

Chui ni mwingine kabisa. Mwili wake ni mzito, kifua chake ni kipana, mkia wake ni mrefu, na masikio yake ni mafupi yaliyoviringana. Madoa ya mondo ni meusi matupu, bali ya chui, hasa mgongoni na ubavuni, yamepangika kama maua, na katikati ya kila ua pana rangi ya kahawia. Sauti yake usiku ni kama msumeno unaokata ubao, ukienda na kurudi. Watu humchanganya pia na duma. Lakini duma ana mistari miwili myeusi itokayo machoni mpaka mdomoni kama michirizi ya machozi, na aghalabu hutembea mchana katika nchi ya wazi.

Katika nchi kavu yenye vichaka yupo simbamangu. Huyu hana madoa mgongoni. Rangi yake ni nyekundu ya udongo, na ncha za masikio yake zina mashungi marefu ya nywele nyeusi. Huruka juu sana, hata hukamata ndege wanapoanza kuruka. Pengine huchukua mwana-mbuzi au mwana-kondoo, kwa hiyo wafugaji wana haki ya kumwangalia kwa makini.

Yupo tena paka pori, ambaye wengine humwita kimburu. Yeye ni mgumu kumtambua, kwa maana anafanana sana na paka wa nyumbani mwenye milia. Mtazameni miguu: ni mirefu, hata akiketi kiwiliwili chake husimama wima kuliko cha paka wetu. Nyuma ya masikio yake pana rangi nyekundu-nyekundu, na mkia wake mwembamba una pete nyeusi na ncha nyeusi. Kufanana huko si bure. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza, baada ya kuchunguza urithi wa paka wengi, kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa nchi za Mashariki ya Kati. Na katika kisiwa cha Saiprasi lilifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2004. Watu walipoanza kuweka nafaka, panya walikuja. Panya walipokuja, paka naye aliwafuata. Basi urafiki wetu na paka ulianzia mlangoni mwa ghala.

Sasa niwataje wale wenye sura ya paka ambao si paka. Kanu ana madoa, lakini mwili wake ni mrefu na miguu yake ni mifupi, na mkia wake wenye pete unakaribia kulingana na urefu wa mwili. Hupanda miti na mapaa kwa wepesi mwingi. Hula panya, wadudu na matunda, na akiona tundu katika banda hula kuku pia. Fungo, ambaye wengine humwita ngawa, ni mkubwa zaidi. Uso wake una weusi kama aliyevaa kinyago, na nywele za mgongoni humsimama anapotishwa. Hula matunda, majongoo na vidudu vingi, na ana desturi ya kuweka kinyesi chake mahali pamoja, siku baada ya siku. Kwake hutoka zabadi, manukato yaliyojulikana sana katika biashara ya zamani. Nguchiro naye aghalabu hutembea mchana, na wizi wake ni wa mayai: wako nguchiro walifanyao yai kama mpira, wakilirusha nyuma kati ya miguu yao hata ligonge jiwe na kupasuka.

Mtasema, "Wanyama hawa huja gizani, tutawaonaje masikio na mikia?" Hapo ndipo swali la nne linapofaa. Jioni, nyunyizeni jivu au mchanga laini kuzunguka banda, kisha alfajiri nendeni mkasome yaliyoandikwa. Paka wote hao, wakubwa kwa wadogo, huficha kucha zao wanapotembea. Kwa hiyo alama yao ni ya mviringo, ina vidole vinne, wala haina kucha. Duma peke yake hutoka katika kanuni hiyo. Mbwa, fisi, bweha na fungo huacha alama za kucha mbele ya vidole. Kisha pimeni upana. Alama ya paka wa nyumbani ni kama sentimita 3. Ya mondo ni kama 4 au 5. Ya chui mzima ni kama 7 hata 9. Alama ndogo yenye kucha si ya chui, hata kama kijiji kizima kimeapa kwamba ni yeye.

Labda mtu atasema kwamba kukosea juu ya mnyama mmoja si kitu. Na tusafiri kwa fikira mpaka Unguja. Katika kisiwa hicho alikuwako chui wa namna yake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa madogo, ambaye mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Pocock alimpa jina lake la kitaalamu. Wenye mbuzi na kuku walikuwa na malalamiko ya kweli juu yake. Lakini juu ya malalamiko hayo yaliongezwa mengine: watu wengi waliamini kwamba baadhi ya chui walifugwa na wachawi na kutumwa kuwadhuru majirani. Basi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, chui na wachawi walisakwa pamoja. Chui aliyekuwa akitafuta chakula chake akachukua lawama ya uadui wa wanadamu. Leo wengi wanaamini kwamba amekwisha kabisa. Mwaka 2018 ilionyeshwa picha iliyosemwa kuwa ni yake, lakini jambo hilo halikuthibitishwa. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka 1998, wataalamu walieleza namna ya kanu ambayo vitabu vyao havikuwa nayo kabla ya hapo. Mmoja tumempoteza, na mwingine alikuwa karibu nasi siku zote bila kuandikwa kitabuni.

Basi tufanye nini? Kwanza, tengenezeni banda. Likiwa na sakafu ngumu, kuta zisizo na nafasi ya kupitisha ngumi, paa imara, na mlango unaofungwa kabla ya jua kuchwa, wezi wengi wataondoka na njaa yao.

Pili, msitege sumu. Sumu haina macho. Itamwua mbwa wako, na tai atakayekula mzoga, na yaweza kumfikia mtoto wako.

Tatu, mkiona alama za chui kweli, msimfuate vichakani, maana chui aliyejeruhiwa ni hatari kuliko wote. Ingizeni watoto ndani mapema, fungeni mbuzi katika boma imara, tembeeni usiku pamoja na taa, na mpelekeeni habari afisa wa wanyamapori.

Nne, mtoto akiona vijana vya paka majanini, asiviokote. Aghalabu mama yao amekwenda kuwinda naye atarudi. Pengine vijana hivyo ni vya mondo au vya chui, na mama akimkuta mtoto navyo, itakuwa msiba.

Tano, mnyama wa mwitu akija mchana bila woga, akiyumba au akitokwa na mate, mkae mbali naye, maana huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apigwe sindano. Asingoje aone dalili, kwa kuwa zikionekana, dawa haimwokoi tena.

Sasa naurudia mwisho wa kisa changu. Kuku walipotoweka tena, tulimwendea mzee yule kwa aibu. Akainama nyuma ya banda, akatuonyesha udongo uliochimbwa chini ya ukuta, na mikwaruzo mirefu ya kucha nzito juu ya ubao. "Huyu ni nyegere," akasema. "Mgongo wake ni mweupe, tumbo lake ni jeusi, na kazi yake ni kuchimba. Hamwezi kumshinda kwa rungu. Mshindeni kwa mawe." Tukapanga mawe makubwa kuzunguka msingi wa banda, tukabadili ubao uliooza. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi moja. Hatukupoteza kuku tena mwaka ule.

Lakini panya walikuwa wengi ghalani. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya mondo mmoja tu. Najua tu kwamba kila nilipowasikia wakitafuna mahindi usiku, nilimkumbuka yule mnyama mwenye miguu mirefu, aliyekuwa akifanya kazi yetu bila ujira, nasi tukamlipa kwa rungu kwa sababu hakuna kati yetu aliyemwuliza mkia wake ulikuwa na urefu gani.

Basi, usiku mtakaposikia kuku wakipiga kelele, washeni taa kwanza, mtazame, ndipo mtaje jina.