Kiswahili cha Biashara Katika Simu: Jina Tamu na Deni Lililo Nyuma Yake

Kwa muda mrefu tumefundisha Kiswahili cha biashara kwa kutumia barua rasmi, ankara na mazungumzo ya sokoni. Siku hizi, hata hivyo, mteja hukutana na mfanyabiashara kwanza katika simu yake. Katika makala haya tunaeleza mambo matatu ambayo mwalimu anaweza kuyachukua huko na kuyapeleka darasani.

Kwanza ni majina ya huduma. Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa mwaka 2007. Mwaka 2012 ikafuata M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo, ambayo jina lake linatokana na neno la kueleza bahari iliyotulia. Okoa Jahazi humkopesha mteja muda wa maongezi. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi. Majina haya yanavutia kwa sababu yametoka ndani ya lugha yenyewe. Lakini tuyatazame tena: hakuna hata moja kati ya hayo matatu lenye neno mkopo au deni. Anayeokoa jahazi hujiona amenusurika, kumbe amekopa, na hukatwa ada ya asilimia 10. Vilevile, kufuliza ni kufanya jambo bila kukatiza. Deni lisipolipwa, kinachofuliza ni ada ya kila siku.

Pili ni sarufi. Nchini Kenya, tangu mwaka 2013, maduka hubandika tangazo la "Lipa na M-PESA". Nchini Tanzania tangazo husema "Lipa kwa M-Pesa". Kiswahili sanifu hutumia "kwa" kuonyesha njia au kifaa, ilhali "na" katika nafasi hiyo imezoeleka sana Kenya. Mwanafunzi wa Uganda huyaona yote mawili. Haitoshi kumwambia kwamba moja ni kosa; aelezwe ni lipi la kuandika katika mtihani na ni lipi atakalolisikia dukani.

Tatu ni mazungumzo. Wauzaji wa Tanzania huandika kwenye Instagram "Mikoani tunatuma", wakitanguliza mahali kabla ya kitenzi kwa sababu ndilo swali la mteja aliye mbali. Aidha, tangu WhatsApp Business ianze mwaka 2018, muuzaji mdogo anaweza kuandaa salamu na majibu yanayojituma yenyewe. Jibu likianza na "Ndugu mteja" kisha likafuata fungu la maneno yaliyotafsiriwa neno kwa neno, heshima ile ya mwanzo hupotea na mteja haelewi afanye nini.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Wape wanafunzi ujumbe wa mkopo wa simu, kisha waulize: Nani anakopa? Kiasi gani? Atalipa lini? Ada ni ipi? Ikiwa ujumbe haujibu, wauandike upya.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe shuleni. Kampuni zitahitaji waandishi, nao watatoka katika madarasa yetu. Basi na tuwafundishe kumvuta mteja bila kumficha bei.