Kaunda Suti na Kitambaa Kilichoiangusha

Mwaka 1979, mafuta yalipopanda bei duniani, Waziri Mkuu wa Japani Masayoshi Ohira alijitokeza mbele ya wapiga picha akiwa ndani ya suti ya mikono mifupi. Serikali yake ilitaka maofisini watu wapunguze viyoyozi. Wajapani hawakuipenda, na vazi lile likafa mapema. Mzee wa Rusimbi, mtaa wa Kigoma, angeitazama picha ile asione cha ajabu. Hiyo si Kaunda suti?

Kwa jicho la fundi, Kaunda suti ni vazi lililofikiriwa vizuri. Mikono mifupi, shingo wazi, haina tai wala shati la ndani, na mpasuo wa nyuma unaingiza hewa mtu anapotembea. Ina mabega na kola, kwa hiyo mvaaji anaingia ofisini au kwenye baraza la ndoa bila kuonekana amevaa shati tu. Mkato wake haukuwa na kosa. Tatizo ni kwamba nyingi zilishonwa kwa tetroni.

Tetroni nayo ni mali ya Japani. Mwaka 1957 kampuni mbili za huko, Toray na Teijin, zilinunua kwa ICI ya Uingereza haki ya kutengeneza nyuzi za poliesta, zikaziuza kwa jina la Tetoron. Sifa zake zilikuwa za kweli: haijikunji, inakauka upesi, na mstari wa pasi kwenye suruali unakaa wiki nzima. Lakini uzi wa poliesta hunyonya unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake. Pamba hunyonya karibu asilimia 8, kitani kama 12, na sufu hufika 16. Pale Kigoma, miezi ya mvua hewa ya ziwa ikiwa imeshiba maji, jasho lililonaswa chini ya tetroni halina pa kwenda. Linabaki mgongoni, na koti linagandia hapo hapo.

Watu wengi hudhani dawa ni kitambaa chembamba. Si lazima. Nailoni ya mwavuli ni nyembamba kuliko kanga, na hakuna anayetamani kuivaa saa saba mchana. Cha kuangalia ni aina ya uzi, jinsi ulivyosokotwa, na nafasi iliyoachwa kati ya mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio unaozikata kwa upana. Hapo ndipo wafumaji wa Japani wana la kutufundisha, maana kiangazi chao kina joto na unyevu kama miezi yetu ya mvua, pengine kibaya zaidi.

Mfano ninaoupenda unatoka Takashima, mkoa wa Shiga, ufukweni mwa ziwa Biwa. Ni ziwa kubwa kuliko yote Japani, ingawa Tanganyika ingelimeza zaidi ya mara arobaini. Hewa yenye unyevu huwafaa wafumaji wa pamba kwa sababu uzi mkavu hukatika ovyo kwenye kitanda cha kufumia. Huko hufuma kitambaa kiitwacho chijimi. Mshindio wake husokotwa kupita kiasi, mara elfu moja na zaidi kwa mita. Kitambaa kikitoka kwenye kitanda hicho ni bapa tu. Kikitiwa maji ya moto, uzi ule uliobanwa unajikunjua kwa nguvu, upana unapungua, na uso wote unajaa vikunjo vidogo. Ukivaa, ngozi yako inagusa migongo ya vikunjo peke yake. Katikati hewa inapita.

Tokushima, kisiwani Shikoku, wanafika palepale kwa njia nyingine. Shijira yao hutofautisha mkazo wa nyuzi za mtande, nyingine zikivutwa, nyingine zikilegezwa, kisha zile zilizolegea zinavimba. Husimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa huko, karne ya 19, aliacha kitambaa nje kikanyeshewa, jua likakikausha kimekunjamana, naye badala ya kusikitika akatafuta jinsi ya kukirudia kwa makusudi. Kuna pia chijimi ya Ojiya, ya nyuzi za mmea uitwao rami, inayotandazwa juu ya theluji ili ipate weupe. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Hiyo ni ya matajiri, tuiache.

Ujiji yetu ya Kigoma haikuanza juzi kupokea nguo kutoka mbali. Misafara ya karne ya 19 ilishusha hapa merikani za Massachusetts na kaniki za India, na nguo ilitumika kama fedha sokoni. Miaka ya 1930 Mjapani ndiye aliyeshika soko la pamba Afrika Mashariki. Uingereza ilipoweka viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni mengi mwaka 1934, Tanganyika na jirani zake hawakuguswa, kwa kuwa mikataba ya bonde la Kongo ilidai kila taifa lililotia saini litozwe ushuru sawa. Babu zetu walivaa Japani kwa sababu ilikuwa rahisi. Leo mambo yamegeuka: kitambaa cha Takashima hukipati dukani Mwanga, hapa mjini, na ukikiagiza bei yake itakukata hamu.

Lakini kanuni yake haina bei. Kikoi cha pamba, poplini nyepesi ya gramu 100 hadi 130 kwa mita mraba, kitani kilichofumwa wazi, vyote vinatoa koti linalovalika Kigoma, mradi fundi asiyazibe matundu ya mfumo. Na hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu. Mteja analeta pamba safi, fundi anaitia bitana ya poliesta mwili mzima, sponji mabegani, na kitambaa cha gundi kifua kizima. Ile pamba imebaki pambo la nje.

Koti jepesi halina bitana, au lina kipande kidogo cha pamba mabegani na mgongoni juu. Gundi iishie kwenye kola na ukingo wa vifungo. Kwa vile ndani kutaonekana, mishono ifunikwe kwa utepe wa mshazari au ikunjwe mara mbili. Ovaloki pekee haitoshi kwa nguo ya heshima. Tumia sindano namba 9 au 11, si ile 16 ya jinzi, isiache matundu. Na kabla ya mkasi kugusa chochote, kitambaa kilowekwe, kikauke kivulini. Chenye vikunjo hasa: kisipopungua mezani kitapungua mwilini mwa mteja. Pasi kwake ni adui. Mvuke tu, bila kukandamiza.

Wenye subira watafute nguo za Kijapani kwenye mitumba. Sheria ya Japani ya mwaka 1962 inalazimisha nguo kuandikwa malighafi yake kwa asilimia, kwa hiyo lebo ndogo ya ubavuni inasomeka hata kwa asiyejua Kijapani. Alama 綿 ni pamba, 毛 ni sufu, na 麻 ni kitani au rami. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikafanya kidonge cheusi kigumu. Ukikuta 麻 100% kwenye koti la jitu linalokuzidi, usilirudishe rundoni. Mgongo na mikono yake vinatosha Kaunda ya mtoto wa shule ya msingi, na huenda kola ikabaki.