Blanketi la Farasi Wakati wa Baridi

Mwenyezi Mungu amewataja farasi katika Suratun-Nahl, aya ya 8, kuwa ni wa kupandwa na ni pambo. Basi wao ni amana kwetu. Twawakumbusha ndugu zetu wafugao huko Uingereza: farasi mwenye afya na manyoya kamili aghalabu hahitaji blanketi, aliyenyolewa, au mkongwe aliyekonda, ndiye ahitajiye. Tuchague lisilopenya maji ila lipitishalo mvuke wa jasho. Lililolowa ndani humnyang’anya joto. Basi lianikwe penye upepo, mbali na moto uharibuo utando wake, naye avikwe jingine kavu. Kila siku tutie mkono chini yake. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, lakini Mola wake amwona.