Silaha za Ulinzi (2): Kitako cha Kukunja na Tochi ya Bunduki

Kitako ni sehemu ya nyuma ya bunduki inayoegemezwa begani. Hupokea teke la bunduki risasi inapotoka, hulipa shavu mahali pa kutulia ili jicho lilingane na shabaha, na huuzuia mtutu usiyumbe. Bunduki ikikosa kitako, risasi ya pili huenda ovyo.

Tatizo la kitako ni urefu. Karabini, yaani bunduki fupi, ilibuniwa kwa ajili ya askari wa farasi na wengine wasioweza kubeba bunduki ndefu. Kukunja kitako kuliendeleza ufupi huo. Mwaka 1942 Marekani ilitoa karabini ya M1A1 kwa askari wa miavuli: kitako cha mbao kiliondolewa, kikawekwa kiunzi cha chuma chenye kipande cha ngozi cha kuegemeza shavu. Ikikunjwa, bunduki ya sentimita 90 hivi hubaki na 65 tu. Bunduki ya Kalashnikov, ambayo Watanzania wengi huiita SMG, nayo ina aina ya kitako cha kukunja: mikono miwili ya chuma hulala chini ya bunduki, magazini ikipita katikati.

Si kila bunduki hukubali kukunjwa. Katika Kalashnikov, springi inayorudisha mtambo imo ndani ya mwili wa bunduki, hivyo kitako hakina kazi nyingine zaidi ya kuegemea. Katika M16 ya Kimarekani, springi hiyo huingia hadi ndani ya kitako. Ukikikunja, umeuzuia mtambo. Aidha, bawaba ya kitako cha kukunja hulegea kwa matumizi, na chuma chembamba hulisumbua shavu kuliko mbao.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Bulyanhulu wilayani Kahama, manufaa ya kitako cha kukunja yanaonekana kwa mlinzi aliyeketi ndani ya gari. Bunduki ndefu hugonga mlango anaposhuka. Iliyokunjwa hukaa mapajani. Lakini ufupi unaomfaa mlinzi humfaa na jambazi. Taarifa za polisi nchini zimezoea kutaja shotgun iliyokatwa mtutu na kitako: imefupishwa ili iingie chini ya koti. Upinde wa sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Shinyanga na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, haukufichika hivyo; kila mtu aliuona begani kwa mwenyewe.

Tochi inatatua tatizo lingine. Mlinzi wa usiku mwenye kurunzi mkono mmoja hubaki na mkono mmoja tu wa kushika bunduki. Tochi ikifungwa chini ya mtutu na swichi ikawa karibu na kidole gumba, mikono yote miwili hubaki kwenye silaha. Tochi hiyo lazima istahimili teke la bunduki, maana nyaya na betri za tochi ya kawaida huachana baada ya risasi chache. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linalotimuliwa na malori huurudisha mwanga mweupe machoni pa anayemulika. Mwanga huo huo humwonyesha adui mahali mlinzi aliposimama. Kwa hiyo humulikwa kidogo, huzimwa, kisha mlinzi husogea.

Hatari kubwa ni nyingine: kumulika kwa tochi ya bunduki ni kuelekeza mtutu. Kivuli kinachoonekana kwenye rundo la mawe usiku huenda ni cha kijana anayeokota magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodini, si cha mwizi mwenye silaha. Ndiyo maana mlinzi anahitaji pia kurunzi ya mkononi, ya kutazamia kabla bunduki haijainuliwa.

Kisheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni, na anayetengeneza au kukarabati silaha awe na kibali. SMG ni silaha ya vyombo vya dola, si ya raia. Mwenye shotgun ya leseni anayetaka kubadili kitako aanzie polisi, kwa sababu bunduki ikibadilishwa umbo kwa fundi wa uchochoroni, leseni aliyonayo mwenyewe haitamkinga.