Kwa nini aliyepigiwa makofi mengi anaweza kushindwa mdahalo

Umewahi kukaa ukumbini, upande mmoja ukashangiliwa mpaka mabati yakatetemeka, halafu jaji akatangaza kwamba umeshinda upande wa pili? Watu huanza kunong'ona: "Huyu kapewa kitu kidogo." Nami nimewahi kunong'onwa hivyo. Leo ngoja nikuonyeshe kilichokuwa kwenye karatasi yangu.

Mada ilikuwa ile ya miaka yote: elimu ni bora kuliko pesa. Watetezi walisema elimu ndiyo inayomfundisha mtu kutunza pesa. Kwa wapinzani akasimama binti mwenye sauti ndogo, akauliza: bila nauli, sare na madaftari, hiyo elimu utaifikiaje? Hakuna aliyemjibu. Msemaji wa mwisho wa watetezi akaja na methali tatu na sauti ya radi, ukumbi mzima ukasimama.

Jaji huchora safu, kila msemaji na yake. Hoja ikijibiwa, anachora mshale kutoka kwenye hoja hadi kwenye jibu. Isiyo na mshale imesimama, hata kama jaji mwenyewe analo jibu kichwani. Hawezi kumsaidia mtu kujibu. Anasikiliza kama mtu wa kawaida mwenye akili timamu, si kama mtaalamu wa mada.

Kisha zinakuja alama. Katika mfumo unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya shule za sekondari, hotuba kuu hupewa kati ya 60 na 80: asilimia 40 ni maudhui, 40 ni uwasilishaji, 20 ni mkakati. Kwa hiyo sauti nzuri ina malipo yake. Yule wa radi nilimpa 30 za uwasilishaji, binti 26. Lakini maudhui binti alipata 29, mwenzake 25. Mkakati 15 kwa 12. Jumla: 70 kwa 67. Jumla za timu nazo zikaangukia upande wa binti.

Kwa nini tutenganishe hivyo? Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike aliangalia alama ambazo maafisa wa jeshi la Marekani waliwapa askari wao. Aliyeonekana bora kwa jambo moja, tuseme umbo, alipewa alama za juu hata kwenye akili na uongozi. Sifa moja inazipaka rangi zote. Jaji naye ni binadamu, yaani makofi yanamwingia. Ndiyo maana majaji huwa watatu au watano, kila mmoja akijaza karatasi yake kabla ya kusikia maoni ya wenzake.

Mdahalo ujao, chukua karatasi na uchore mishale yako. Matokeo yakikushangaza, mfuate jaji umuulize ni hoja ipi haikujibiwa. Akishindwa kukuonyesha, hapo una haki ya kunung'unika.