Bustani ya dondoo haitembeleki bila viungo

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia na neno moja tu: demani. Alikuwa akitafiti istilahi za mabaharia wa pwani yetu. “Mwalimu, kamusi inaniambia ni kamba ya tanga, basi. Ni kamba gani hasa? Hulegezwa wakati gani?”

Nikamwambia asijali, jibu nilikuwa nalo. Mzee mmoja wa Vanga alikuwa amenieleza akiwa ndani ya chombo chake, kamba mkononi, nami nikaandika kila alichosema. Nilitafuta kwenye kompyuta jioni nzima. Nikatafuta tena kesho yake. Hola! Mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hivyo hapakuwa na wa kuuliza. Tasnifu iliwasilishwa bila maelezo yake. Miezi kadhaa baadaye, nikisaka hesabu za nauli, nikafungua faili iliyoitwa “Safari ya Kwale, Agosti”. Demani ilikuwa humo, chini ya gharama za chakula na matatu.

Hebu tutafakari kosa hilo. Dondoo yenyewe haikupotea. Kilichopotea ni njia ya kuifikia, maana niliipanga kwa tarehe ya safari ilhali akili hutafuta kwa maana.

Je, kuiweka katika folda ya “Vyombo vya bahari” kungetosha? La hasha. Demani ni kamba, na pia ni msimu ule upepo wa kusi unapoelekea kuisha. Folda hukulazimisha kuchagua moja: vyombo au majira. Ukichagua vyombo, anayetafuta majira hataiona kamwe.

Hapa ndipo bustani ya kidijitali inapofaa. Huu ni mkusanyiko wa dondoo fupi za mtu binafsi, zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe. Katika programu kama Obsidian, ukiandika kichwa cha dondoo nyingine ndani ya mabano mawili ya mraba, kichwa hicho hugeuka kuwa kiungo. Unabofya na kufika huko. Demani basi hukaa mahali pamoja lakini hufikika kutoka kwenye tanga na kutoka kwenye kusi vilevile.

Wazo hili si la juzi. Mnamo 1945, mwanasayansi wa Marekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuunganisha nyaraka na kuacha njia ambazo mwingine angeweza kuzifuata. Nchini Ujerumani, mwanasosholojia Niklas Luhmann (1927-1998) alifanya kazi hiyo kwa karatasi. Aliacha kadi zipatazo 90,000. Faharasa yake haikutaja kila kadi. Kwa kila neno ilitaja chache tu, kama milango ya kuingilia. Akishaingia, alifuata nambari za rejea kutoka kadi hadi kadi. Naye Mmarekani Mike Caulfield, mnamo 2015, alitofautisha bustani na mkondo wa maji. Mkondo ni kama kundi lako la WhatsApp: la leo linalisukuma la jana, na baada ya wiki hulioni. Bustani hurudiwa, ikapaliliwa.

Sasa, mtu atembeeje ndani ya bustani yake asipotee? Kwanza, awe na milango michache. Mimi nina dondoo iitwayo “Bahari” ambayo haina maelezo marefu. Inaelekeza tu kwenye vyombo, pepo, samaki na methali. Pili, kila dondoo ibebe wazo moja, na kichwa chake kiliseme wazo hilo. “Demani ni kamba na ni msimu” ni kichwa kinachojieleza. “Safari ya Kwale” hakielezi lolote. Tatu, atazame pia nyuma. Programu hizi huonyesha dondoo zote zinazoielekea ile uliyoifungua, na mara nyingi hapo ndipo unapokutana na uhusiano uliokwisha kuusahau. Nne, asake mayatima, yaani dondoo zisizounganishwa na chochote. Ya mzee wa Vanga ilikuwa yatima wa aina hiyo.

Lakini tahadhari: kuunganisha kila kitu na kila kitu ni sawa na kutounganisha. Lugha yetu inatufunza hili. Neno kiungo linatokana na kitenzi unga. Goti ni kiungo kwa kuwa linashika mfupa na mfupa. Iliki ni kiungo kwa kuwa pilau inaungwa nayo. Hata mchezaji wa katikati uwanjani ni kiungo, kwa kuwa anaunganisha ulinzi na mashambulizi. Katika matumizi yote hayo, kiungo kina kazi. Mpishi hamwagi mdalasini kwenye kila sufuria ati kwa sababu anao. Kwa hivyo, kando ya kila kiungo, andika sentensi moja inayosema kwa nini umekiweka: “Taz. kusi, kwa sababu msimu huu ndio mwisho wake.” Ukikosa sentensi hiyo, kiungo hicho hakihitajiki.

Msomaji wangu, huhitaji kompyuta ya bei ghali wala wiki nzima ya likizo. Leo jioni fungua dondoo moja ya zamani, ipe kichwa kinachojieleza, kisha uiunganishe na nyingine moja tu. Kesho fanya vivyo hivyo. Ukianza, anza na zile ulizoandika ukiwasikiliza wazee. Vitabu vinaweza kununuliwa tena. Mzee wa Vanga hawezi kuulizwa mara ya pili.