Mnara Huoza Kuanzia Miguuni

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ndefu hutanuka juu ya tope, na akishtuka huzama mpaka ibaki pua tu. Kumwona ukiwa umesimama chini kwenye nyasi ni bahati nasibu. Ndiyo maana Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, karibu kilomita 3 tu za mraba jirani na Kitale, haina safari za gari. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama huyo, na mgeni huingia kwa miguu, akapanda jukwaa la mbao ukingoni mwa kinamasi, akangoja. Kwa jicho la mfanyabiashara, mali inayouzwa pale si nzohe. Ni ile nafasi ya kukaa juu.

Nafasi hiyo hujengwa na mafundi ambao hakuna hata mmoja anayeishi kwa minara peke yake. Leo wanapiga kenchi za shule, kesho wanajenga kambi ya watalii, na mara moja kwa muda mrefu huja mtu kutoka mradi fulani akiwa na mchoro. Swali la kwanza ni urefu, na jibu lake liko kwenye majani. Mafunjo hufika mita 4 hadi 5, kwa hiyo sakafu iliyo chini ya mita 6 itamwonyesha mgeni mafunjo tu. Ongeza paa na sehemu ya kuchimbiwa, nguzo inafika mita 10. Huo ni urefu wa nguzo ya umeme, na hapo ndipo biashara hii ndogo inapojikuta mkiani mwa biashara kubwa. Mikaratusi iliyotiwa dawa, kama ile inayotoka Mafinga na Njombe nchini Tanzania, huandaliwa kwanza kwa ajili ya mashirika ya umeme. Anayetaka nguzo sita hana sauti mbele ya anayeagiza maelfu. Kenya nako, marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018 na kutangazwa kuondolewa Julai 2023, iliwafanya wanunuzi wazidi kutazama Tanzania na Uganda.

Nguzo yenyewe ina siri ambayo mafundi wengi wa mbao za mbili kwa nne hawaijui. Kiwandani hukaushwa, ikaingizwa kwenye tangi, hewa ikavutwa nje, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Dawa hiyo hulowesha sehemu ya nje tu, kiini hakiipokei. Fundi anayeichonga nguzo iwe mraba ili ipendeze, au anayekata pengo refu la kukalishia boriti, ameondoa kinga yote kwa dakika kumi. Nguzo ya mnara iachwe mviringo kama ilivyotoka, na kila tundu la bolti lipakwe dawa upya. Tena dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki. Ulaya iliwekea vikwazo vikali mbao za aina hiyo kuanzia 2004. Kwa miguu ya mnara sina ugomvi nayo. Kwa kingo ambazo mtoto atazishika kisha ale embe, ninao.

Mti uliozama majini daima hauozi upesi, kwa sababu kuvu huhitaji hewa. Mti mkavu nao hauozi. Unaooza ni ule ulio katikati, pale penye mpaka wa maji na hewa, na kinamasi hupandisha na kushusha mpaka huo kila msimu. Dawa ya kweli ni kuinua mguu: zege liingie ardhini, chuma kilichopakwa zinki kitoke juu yake, na mbao ianze juu ya kimo cha mafuriko. Kazi hii ni ghali na mgeni haioni. Kwenye makisio ya gharama ndiyo hukatwa kwanza, kabla ya bango lenye nembo za wafadhili.

Hesabu ya uzito nayo hudharauliwa. Wahandisi hupimia sakafu ya umati kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Jukwaa la mita 3 kwa 3, ambalo machoni ni dogo tu, linatakiwa libebe tani 4 na nusu. Darasa zima la wanafunzi likikimbilia upande mmoja kwa sababu mtu amepiga kelele "yule kule!", ndipo utajua kama mbao za mshazari zilifungwa kwa bolti au kwa misumari.

Pwani mambo hubadilika. Kwenye Hori ya Mida, karibu na Watamu, njia ya mbao inayoning'inia hupita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege wa matopeni. Hakuna haja ya kwenda juu sana, lakini chumvi hula vyuma, na yule mdudu anayetoboa mashua hachagui kati ya jahazi na ngazi. Wenye majahazi walijibu kwa deheni na kwa kupandisha chombo nchi kavu. Mnara haupandishwi.

Viingilio vya Mida husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani. Bigodi, magharibi mwa Uganda, chama cha wanakijiji kilichoanzishwa 1992 kilijenga shule ya sekondari kwa fedha za wageni wa kinamasi. Ni jambo jema, na ndilo linaloipa bolti adui mkubwa. Weka kamati yoyote mezani, uitake ichague kati ya karo na kukaza nati zilizolegea baada ya mbao kunywea kiangazi. Mimi mwenyewe ningepigia kura karo. Njia pekee niionayo ni fungu la matengenezo kukatwa kwenye kila tiketi kabla kamati haijaketi.

Halafu kuna mtumbwi. Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, wageni humtafuta korongo-nyangumi kwa mitumbwi, na kila safari mpiga kasia analipwa. Mnara humlipa seremala mara moja. Mwanakijiji anayeuliza faida yake iko wapi ana hoja, na mchoraji wa mnara asiyemtengea hata kazi ya ulinzi atakuta mbao za ngazi zimekuwa kuni.

Siku hizi nikifika chini ya mnara siangalii ndege kwanza. Nainama, nachokoa tako la nguzo kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, naulizia mtumbwi.